Sekunde Arobaini za Kicheko Msibani

Uamuzi uliosema mama yangu ni mgeni ulikuja kwa barua pepe, saa nne asubuhi, nikiwa kwenye somo la hesabu. Niliusoma mimi kabla yake kwa sababu barua pepe zake zinaingia kwenye simu yangu. Mama hana muda na mambo ya nywila, kwa hiyo mimi ndiye katibu muhtasi wake. Nafuta matangazo ya magodoro, namwambia zikija za maana. Siku hiyo ikaja ya maana.

Zilikuwa kurasa kumi na moja. Nikaanza na ya mwisho, kama ninavyofanya na vitabu vyote tunavyopewa shuleni. Baraza la wakimbizi limeridhika, waliandika, kwamba mama alirudi kwa hiari yake kwenye ulinzi wa nchi aliyoikimbia. Hifadhi yake ya ukimbizi imekoma. Nikaomba ruhusa, nikajifungia chooni, nikampigia wakili wetu, mwanamke anayeongea haraka kama anayekimbilia basi.

"Umekaa?" akaniuliza.

"Niko chooni."

"Basi umekaa. Sikiliza. Hifadhi ikikoma, ukaazi wa kudumu unakwenda nayo saa hiyohiyo. Hakuna rufaa. Kuanzia leo asubuhi, mbele ya sheria, mama yako ni mgeni. Wanaweza kumwita wakati wowote wapange safari yake."

"Na mimi?"

"Wewe ulikuwa mtoto, hukujaza fomu yoyote. Hawajakugusa. Wewe unabaki."

Hilo la mwisho ndilo lililonimaliza. Nilitaka kulia, kikatoka kicheko, tena kikubwa, mpaka mtu wa choo cha pili akaniuliza nimevuta nini. Wakati huo mama alikuwa kazini, anamwogesha bibi mmoja wa miaka tisini ambaye hakubali kuguswa na mtu mwingine. Mgeni gani huyo? Mama anajua basi la barabara ya Finch litachelewa dakika ngapi kwa kutazama tu rangi ya mawingu.

Inabidi nieleze tulifikaje hapo, na maelezo yenyewe hayanipendezi, kwa sababu mimi nimo.

Sisi hatukukimbia nchi. Tulimkimbia mtu, na mtu mwenyewe ni baba yangu. Alikuwa polisi. Kila mama alipokwenda kituoni kumshtaki, aliyekaa mezani alikuwa rafiki yake. Mimi nilikuwa na miaka mitatu tulipoondoka, simkumbuki hata sura. Ila mkono wa kushoto wa mama haunyooki mpaka mwisho, na huo mkono naujua vizuri. Huku ng'ambo tukasikilizwa, tukakubaliwa, tukapata kadi za ukaazi, tukapata na nyumba ghorofa ya kumi na mbili pale zinapokutana barabara za Jane na Finch, lifti mbili, moja mbovu daima. Mama akaiweka kadi yake kwenye pochi nyuma ya picha yangu na kuamini kwamba habari ya ukimbizi imeisha, sasa yeye ni mkaazi kama wakaazi wengine. Hapo ndipo alipokosea, na sijui Mtanzania gani asingekosea. Hakuna aliyemwambia kwamba chini ya ile kadi ukimbizi bado upo, na kwamba ukichukua pasi ya kwenu ukarudi, unaweza kuwa umeufuta mwenyewe.

Bibi mzaa mama alipoanza kuugua kule Tanga, mama akatengeneza upya pasi yake ya Tanzania, akaiweka kwenye droo. Nilipokuwa na miaka kumi na mitatu, bibi akafa. Tukapanda ndege.

Tulifika siku ya tatu. Bibi alikuwa ameshazikwa, maana kwetu maiti hailali ndani, alikufa asubuhi akazikwa alasiri. Mama hakwenda hata makaburini baadaye, wanawake wa kwetu hawaendi. Tulichoenda kukifanya ni kukaa tanga. Unakaa mkekani na ndugu zako, watu wanaingia wanatoka, Kurani inasomwa, chai haikatiki. Mimi naliona jambo hili halihitaji maelezo. Ngojeni mlione mbele ya baraza.

Siku zote tulizokuwa pale mama hakuvuka kizingiti cha mlango wa mbele. Alilala chumba cha nyuma na alioga kabla watu hawajaamka. Tulikuwa tumeambiwa kwamba baba alihamishiwa mkoa mwingine, na mimi nilidhani mama anajifungia kwa sababu ya huzuni. Nilikuwa mjinga wa kiwango cha juu. Nilichokuwa nakitafuta ni mtandao wa simu.

Halafu akaja mtani.

Sisi ni Wazigua, yeye alikuwa bibi wa Kinyamwezi ambaye wazee wake walikuja kukata mkonge, na makabila haya yametaniana tangu zamani sana. Kwenye msiba, mtani ana kazi yake. Nyinyi mnalia, yeye anawavuruga. Alitoka chumbani kwa bibi amevaa kanga ya marehemu, miwani ya marehemu, fimbo ya marehemu mkononi, akaja kukaa kwenye kiti cha marehemu katikati ya ukumbi. Akaanza kuongea kwa sauti ya bibi, ile ya puani.

"Nimetoka kidogo tu, mmeshagawana masufuria! Nani kachukua lile la mfuniko? Na wewe, binti wa Ulaya, umeniletea nini? Baridi?"

"Mama, nimekuletea mjukuu," mama akamwambia.

"Huyu? Mbona mwembamba kama waya wa redio! Mrudishe, niletee blanketi. Sitoki kwenye kiti hiki mpaka nipewe kuku, na awe jogoo."

Mama alicheka mpaka akaanguka mkekani. Kwa siku tatu alikuwa hajatoa sauti, na sasa alikuwa anacheka na machozi yanamtoka, wanawake wote wanacheka, mtu mzima mmoja akapaliwa na chai. Nikarekodi sekunde arobaini. Nikazitupa mtandaoni, na jina la mji juu yake, na maneno haya ambayo sasa nayajua kwa moyo kuliko wimbo wa taifa wowote: "Bibi kafufuka! Likizo imenoga." Nilikuwa na wafuasi sitini na mmoja. Nilijiona mkali sana.

Miaka miwili baadaye mama akaomba uraia. Fomu inataka uorodheshe kila safari uliyotoka nje ya nchi. Mtu mwingine angesahau kidogo. Mama aliandika kila kitu kwa kalamu yake nzuri, Tanzania, siku tisa, msiba wa mama mzazi. Badala ya kuitwa kula kiapo cha uraia, akaitwa barazani aeleze kwa nini asinyang'anywe hata alichokuwa nacho.

Usikilizaji ulifanyika kwenye kompyuta, sebuleni kwetu, kwenye meza tunayolia ubwabwa. Wakili alikuwa ameuliza wiki ile kama na mimi nitatoa ushahidi. Mama akajibu kabla sijafungua mdomo, "Ana mitihani." Sikuwa na mtihani wowote, na nilifurahi. Nikatumwa chumbani. Nikakaa sakafuni, mgongo mlangoni, nikisikiliza.

Nilimsikia wakili wa serikali akiomba kuonyesha video. Nikajisikia mwenyewe, sauti yangu ya miaka kumi na mitatu, nikicheka nyuma ya simu.

"Mama," mjumbe wa baraza akasema, na mkalimani akafuata nyuma yake kwa Kiswahili cha taratibu, "unasema ulikwenda kwa sababu ya mazishi. Lakini ulifika mazishi yamekwisha."

"Ndiyo. Kwetu hatusubirishi maiti."

"Na kaburini hukwenda."

"Wanawake hatuendi."

"Kwa hiyo ulisafiri kwa ajili ya mazishi ambayo hukuyahudhuria."

"Nilikwenda kukaa tanga."

Mkalimani naye akatafuta namna ya kulisema.

"Maneno kwenye video yanasema bibi amefufuka na likizo imenoga. Nani alifariki?"

"Mama yangu, mheshimiwa. Yule ni mtani wetu. Anaigiza marehemu, ndiyo kazi yake. Tusipocheka tumemnyima haki yake, na tumemdharau aliyekufa. Kucheka kule ndiyo msiba wenyewe."

"Nani alirekodi?"

Nikashika goti langu kwa mikono miwili.

"Mtoto," mama akasema. "Mwacheni mtoto."

Mjumbe akasema tuendelee na swali lingine. Ningeweza kusimama. Mlango ulikuwa mgongoni kwangu, hata ufunguo hauna. Sikusimama.

Kwenye ile hukumu ya kurasa kumi na moja, video yangu imepewa aya nne. Mama "anaonekana mchangamfu na asiye na wasiwasi". Mtu mwenye hofu, waliandika, hasherehekei hivyo katika mji ule ule alioukimbia. Na kwa kuwa mazishi yalikwisha kabla hajafika, safari haikuwa ya lazima. Habari ya mtani haimo. Hata neno moja halimo.

Rufaa haikuwepo, ila tulikuwa na siku kumi na tano za kuomba mahakama iupitie uamuzi. Na hapo, wakili akatueleza, kwanza jaji anaamua kama atakusikiliza, ndipo akusikilize. Nikajitolea. Nikamwambia nitaandika kiapo, nitaeleza video ni yangu, nitaeleza utani toka mwanzo wa dunia, nitaandika hata kwa damu.

"Weka damu yako," akasema. "Jaji hapokei jipya. Anasoma kile tu kilichokuwa mbele ya baraza siku ile, na anauliza kama waliamua kwa akili. Ulichonacho ungekisema siku ile."

Sikumjibu. Mimi! Ambaye mwalimu wa jiografia aliwahi kuniandikia kwenye ripoti kwamba ninajibu hata maswali ambayo hayajaulizwa.

Tukasubiri miezi. Watu wanadhani kuogopa ni kutetemeka. Kwetu kuogopa kulikuwa ni mapishi. Mama akirudi kazini, kabla hajavua koti, ananiita jikoni.

"Chukua mwiko."

"Mama, mimi nitakula piza."

"Piza haikai tumboni. Vikombe viwili vya mchele, maji vitatu. Rudia."

"Viwili, vitatu. Mama, hata jeshini hawafundishi hivi."

"Na maharage?"

"Yanalowekwa jana."

"Jana ya lini?"

"Jana ya kabla ya leo, Mama, ipo nyingine?"

Hakucheka. Akanionyesha faili la vyeti vyangu liko wapi, akaninong'oneza kwamba ameongea na mama mmoja Mkongo wa ghorofa ya nne, ana chumba, ningeweza kulala pale mpaka nimalize shule. Anamwita dada. Wameshakubaliana kila kitu mpaka nani atanikata nywele. Nikamwambia yule mama anapika samaki saa kumi na mbili asubuhi. Mama akasema nitazoea. Nikaenda kufungua bomba la maji ya moto bafuni asinisikie, nikakaa pembeni ya beseni mpaka kioo kikapata ukungu.

Lifti ikisimama kwenye ghorofa yetu, wote tulinyamaza. Tulisikiliza viatu. Viatu vya raba, jirani. Viatu vya visigino, jirani wa pili. Siku moja vikaja viatu vizito vya ngozi, vikasimama mlangoni kwetu, mlango ukagongwa. Mama akazima jiko, akavaa hijabu na koti, akachukua pochi. Alifanya hivyo kwa utulivu wa mtu aliyejizoesha. Aliyegonga alikuwa fundi wa jengo, anataka kukagua king'ora cha moshi. Akamkuta mama yangu amesimama katikati ya sebule, koti limefungwa vifungo vyote, na mimi nimeshika mwiko kama upanga. Akakagua king'ora chake haraka akaondoka.

Siku ya mahakama tulikaa benchi la nyuma. Jaji alikuwa mwanamke, hakutabasamu hata mara moja, nikaona tumekwisha. Wakili wetu akasoma maneno ya mama kutoka kwenye kumbukumbu za baraza, yale ya mtani, mstari kwa mstari. Kwa Kiingereza, ndani ya chumba chenye zulia, na watu waliovaa mavazi meusi. Jaji akamgeukia wakili wa serikali.

"Nionyeshe aya ambayo mjumbe alimjibu."

Akafungua kurasa. Akafika mwisho, akarudi mwanzo. Nilihesabu, alipindua zote kumi na moja.

"Mheshimiwa, jibu linaeleweka katika ujumla wa uamuzi."

"Sikuuliza ujumla."

Mama akanibana mkono, nikadhani anafurahi. Kumbe alikuwa ananibana ili nisipige makofi.

Uamuzi wa jaji ulikuja baada ya wiki kadhaa. Ule wa baraza umetenguliwa, shauri lirudi lisikilizwe upya na mjumbe mwingine. Nilipiga kelele mpaka jirani akagonga ukuta. Mama akamuuliza wakili kwenye simu, "Kwa hiyo mimi sasa ni nani?"

"Umerudi ulivyokuwa. Mpaka wakusikilize tena."

"Yaani bado."

"Bado," wakili akasema. "Lakini safari hii tunaweza kuleta ushahidi mpya."

Akaja kwetu mwenyewe, na sanduku la faili, akatandaza karatasi zote mezani. Akashika tiketi za ndege za safari ile.

"Hizi za kurudi zilibadilishwa. Mlipanga kukaa wiki tatu. Kwa nini mliondoka siku ya tisa?"

Mimi nilijua jibu, ni kazini walimwita, ndivyo alivyoniambia. Nikamtazama mama aseme.

"Niletee maji," mama akaniambia.

"Maji yapo mezani, Mama."

"Niletee mengine."

"Mama."

Akayatazama yale maji. "Baba yake alipiga simu," akasema, taratibu, akimwangalia wakili na si mimi. "Kwenye simu ya mdogo wangu. Alikuwa ameiona video."

"Alisema nini?"

"Alisema, nimekuona unacheka."

Wakili akaweka kalamu chini. Mimi nikakumbuka mambo ambayo nilikuwa nayo siku zote bila kujua ni nini. Kwamba tulitoka mchana wa jua kali kupitia uani kwa jirani. Kwamba mama alivaa nikabu, yeye ambaye hajawahi kuvaa, na mimi nikamwita ninja njia nzima mpaka Dar es Salaam, nikimwomba aruke sarakasi. Kwamba hakunijibu hata mara moja, alikuwa anatazama kioo cha nyuma cha gari.

"Kwa nini hukusema barazani?" Wakili alikuwa karibu kukasirika. "Hili ndilo jambo lenyewe! Ulikimbia mara ya pili. Hili lingebadilisha kila kitu."

"Wangeniuliza alijuaje niko wapi."

"Ndiyo."

"Na huyu alikuwa nyuma ya mlango. Niliona kivuli chake chini pale." Akaonyesha kwa kidevu. "Ningemwambia vipi mtoto kwamba ni yeye aliyemwita?"

Nilikuwa na mzaha tayari mdomoni. Huwa nao daima, hata makaburini ningekuwa nao. Nikaumeza, nikaenda kumletea yale maji mengine.

Usikilizaji wa pili ulikuwa mwezi uliopita, meza ileile. Mama mdogo alitoa kiapo chake kutoka Tanga kuhusu simu ile. Mimi nilisubiri kwa mama Mkongo ghorofa ya nne, harufu ya samaki imenijaa mpaka kwenye soksi, mpaka wakaniita. Nilipokaa mbele ya kamera niliwaona watu wanne kwenye viboksi, na cha tano mimi mwenyewe, midomo imenipauka. Mjumbe mpya alikuwa mzee mwenye sauti ndogo. Akaniambia nikitaka maji nichukue maji.

Nikasema yote. Video ni yangu, jina la mji niliweka mimi, maneno niliandika mimi. Nikaeleza mtani anafanya nini msibani, na kwamba yale niliyoyaandika yalikuwa utani wa mtoto juu ya utani wa wakubwa. Wakili wa serikali akaniuliza kama mama alionekana mwenye hofu siku zile tisa.

"Hapana," nikasema. Wakili wetu akafumba macho. "Mimi sikuiona, kwa sababu alinificha. Niliiona juzi, kwenye meza hii."

Akaniuliza kama ninajua kwamba nimekula kiapo. Nikasema najua. Akaniuliza kama mama alinifundisha cha kusema. Nikasema mama amenifundisha wali na maharage. Halikuwa jibu la busara, lilinitoka tu. Mjumbe akaandika kitu, kirefu, na sikuweza kuona ni nini. Hata sasa ndicho ninachokiwaza nikilala. Kitu gani kirefu hivyo?

Uamuzi utatolewa kwa maandishi, akasema. Hakusema lini. Viboksi vikafungwa kimoja kimoja, tukabaki sisi wawili na feni ya kompyuta inavuma.

Nilikuwa nimepanga kumwomba radhi. Nilikuwa na maneno mazuri, ya kitabuni kabisa.

"Mama, ile video..."

"Nimechelewa zamu," akasema. Alikuwa tayari anavaa koti. Akanisogelea, akaninyooshea kola ya shati ambalo hakuna mtu tena wa kuliona, mkono wake wa kushoto umekunjwa kidogo kama kawaida. "Ukipika usiache jiko. Na mlango usimfungulie mtu usiyemjua."

"Mama, nina miaka kumi na saba."

"Usimfungulie."

Akatoka. Nikafunga komeo, nikatia na mnyororo, nikaweka sikio mlangoni nikamsikiliza anavyokwenda, mpaka lifti ikaja, ikamchukua, na korido nzima ikawa kimya.